Mwache mtoto atikisike: dhana potofu kuhusu watoto na okestra

Nafundisha muziki hapa Tabora. Likizo ikikaribia, wazazi wanaosafiri kwenda Dar es Salaam au Nairobi huniambia neno lilelile: “Mwalimu, kuna onesho la okestra la familia, ila huyu wangu hatulii. Tutamwacha kwa shangazi yake.” Jamani, hapana!

Onesho la okestra, yaani kundi kubwa la wapiga ala wanaofuata mwongozaji mmoja, likiitwa la familia, limeandaliwa kwa ajili ya huyohuyo asiyetulia. Kwa kawaida halizidi saa moja hivi, vipande ni vifupi, na mara nyingi mwongozaji huwageukia watoto akawaeleza kinachofuata. Mtunzi Mrusi Sergei Prokofiev alipotunga hadithi ya muziki ya Petro na mbwamwitu huko Moscow mwaka 1936, aliwatungia watoto. Wahusika wengi humo wana ala zao za kupuliza: ndege ni fluti, bata ni obo, paka ni klarineti, babu ni basuni, na mbwamwitu ni honi tatu kwa pamoja. Mtoto akishtuka kitini honi zinapoingia, huyo amesikiliza. Aliyeganda kwa kuogopa kufinywa paja, masikio yake yote yako kwa mama. Na watoto hawahawa wakicheza mbele ya matarumbeta ya harusi tunawashangilia!

Akilia, toka naye, akinyamaza mrudi. Ndiyo maana nasisitiza mkae pembeni, karibu na njia.

Tena fikeni mapema. Kabla ya kuanza, obo hutoa nota moja iitwayo La, fidla na ala nyingine zote zinaifuata, mpaka ukumbi mzima unavuma. Mnong'oneze mtoto: “Sikiliza, wanapatanisha sauti.” Na wiki mbili kabla ya safari, wekeni muziki utakaopigwa kwenye onesho hilo kwenye simu jioni mkiosha vyombo. Mtoto hufurahi zaidi akikutana ukumbini na wimbo anaoufahamu.

Wengine husema lazima kwanza ajue kusoma nota. Hakuna anayedai hivyo kwenye ngoma zetu za Kinyamwezi, na huku pia si lazima.

Siti ya mbele kabisa nayo si bora kwa mtoto. Kutoka pale haoni honi wala ngoma zilizoko nyuma, na tarumbeta kwa karibu hupita kwa urahisi desibeli 85, kiwango cha kelele kinachoweza kudhuru masikio ukikisikia kwa muda mrefu. Safu za katikati, pembeni karibu na njia, zinatosha. Kama masikio yake ni mepesi, mvalishe vizibo vya masikio vya kuvaa kichwani, vya kupunguza kelele.

Kuhusu makofi katikati ya muziki, msimzuie. Mtunzi maarufu Mozart mwenyewe alimwandikia baba yake kutoka Paris mwaka 1778, akifurahi kwamba watu walipiga makofi simfoni yake, yaani utungo wake mrefu wa okestra, ikiwa bado inaendelea.

Suti na gauni la kipaimara vibaki kabatini. Mvalishe nguo safi na viatu visivyombana, na umpitishe chooni kabla hamjaingia ukumbini.