Kufunga begi la kruzi: yale tunayoambiana na yale yaliyo kweli

Jamani, kabla hujafunga begi la kruzi, yaani safari ya meli ya kitalii, naomba unisikilize kidogo, maana hapa Houston, Marekani, kila shule zikikaribia kufungwa naulizwa maswali yale yale na ndugu na marafiki, na nikimjibu mmoja nakuta watatu wengine wameshaambiana mambo ambayo sio kweli kabisa. Sisi wengi tumekulia safari za basi na baadae ndege. Basi unalijua, begi linaingia kwenye buti, wewe unakaa, mkifika unalidai lako. Meli ya kitalii ina utaratibu wake, na mtu akifunga kama enzi zile tunaenda Ubungo, Dar, kupanda basi la Moshi anapata tabu siku ya kwanza na anapata tabu tena siku ya mwisho.

Safari nnayoijua vizuri ni ile ya siku tano kutoka bandari ya Galveston hapa Texas kwenda Cozumel na Progreso kule Meksiko, alafu mnarudi. Mama alikuwa ametoka Tanga kuja kututembelea, tukaenda naye pamoja na watoto. Kwa hiyo mengi humu nimeyaona kwa macho.

"Begi lako unapanda nalo mwenyewe, si ni lako"

Hili ndo linaloumiza watu wengi kuliko yote. Ukifika bandarini begi kubwa unampa mpagazi palepale nje, lina lebo yenye namba ya kebini (chumba chako melini) ambayo unatakiwa uwe umeiprinti nyumbani, linapita kwenye mashine ya ukaguzi, alafu linaungana na mabegi ya watu wengine elfu tatu na zaidi. Wewe unaingia melini labda saa sita mchana, unakula, unazunguka, meli inang'oa nanga saa kumi, na begi bado. Linaletwa mlangoni kwako jioni, sa ingine usiku kabisa, na hakuna aliyekosea, ndivyo kazi ilivyo.

Kwa hiyo begi la kweli la safari ni lile dogo la mkononi. Paspoti na green card (kadi ya ukaazi wa Marekani) au visa, dawa zote (sio za siku moja, ZOTE, zikiwa kwenye makopo yake yenye jina la mgonjwa), miwani, chaja, dhahabu kama unayo, pampasi za mtoto, nguo ya kuogelea kwa sababu bwawa linafunguliwa mapema na watoto hawatakuelewa, na nguo moja ya kubadili.

Mimi dawa za presha za mama niliziweka kwenye sanduku kubwa. Nilizifunga vizuri, ndani ya mfuko wa nailoni, katikati ya magauni yake ili zisivunjike. Anameza baada ya magharibi. Magharibi ikapita, mama kakaa ukingoni mwa kitanda na glasi ya maji mkononi anaangalia mlango, mimi natembea koridoni kusoma lebo za mabegi ya watu, na kila nikirudi ananiambia "usihangaike mwanangu, litakuja". Lilikuja saa mbili na nusu usiku. Hakupata madhara, namshukuru Mungu, lakini ile glasi ya maji bado naiona mpaka leo.

"Chukua eksteshen, soketi za kebini hazitoshi"

Kweli soketi ni chache, ila eksteshen usibebe. Kampuni nyingi sasa haziruhusu eksteshen ya aina yoyote, na ile yenye kinga ya umeme unapopanda ndo mbaya zaidi, ingawa nyumbani tunaiona ndo ya usalama. Sababu yake inafaa kueleweka. Nyumbani waya mmoja una umeme na ule wa nyutro umeungwa ardhini. Melini ardhi haipo, kuna bodi la chuma linaloelea, na umeme umepangwa ili nyaya zote mbili zitengane na hilo chuma. Kile kikinga ndani ya eksteshen kimetengenezwa kwa umeme wa nyumbani, hitilafu ikitokea kinaweza kuanza kupitisha umeme kuelekea kwenye bodi, kinachemka, mwisho kinawaka. Na moto baharini sio kama moto wa mtaani ambapo mnakimbilia nje na kungoja zimamoto, nje ni maji.

Ukishaelewa hilo la moto utaelewa kwa nini na pasi hairuhusiwi, birika la umeme hairuhusiwi, mishumaa na ubani wa kuchoma vilevile, na kwa nini wanakukataza kuanika nguo kwenye reli ya balkoni, maana upepo ukiipeperusha na mtu wa juu ametupa kichungi cha sigara unaweza kuwa mwanzo wa balaa. Wakikikuta kitu hicho kwenye ukaguzi wanakichukua na unarudishiwa mwisho wa safari. Najua sisi na pasi hatuachani, hasa mwenye kanzu yake. Zungusha nguo kama mkeka badala ya kuikunja, ukifika itundike bafuni, funga mlango na ufungulie maji ya moto kidogo, mikunjo mingi inaondoka. Zinazobaki wapelekee dobi wao kwa malipo, au kama ni meli za kampuni ya Princess na nyingi za Carnival kuna vyumba vya kufua na kupigia pasi mwenyewe. Royal Caribbean hazina hivyo vyumba, kwa hiyo huko hesabu nguo vizuri.

Kwa simu beba chaja ya USB yenye matundu kadhaa isiyo na waya mrefu. Na wale mnaoleta wazazi kutoka nyumbani, angalieni chaja zao! Soketi za melini mara nyingi ni zile za Kimarekani za pini mbili bapa na za Ulaya za pini mbili za mviringo. Ile ya pini tatu nene ya Tanzania na Kenya haingii, labda meli iwe imelenga wateja wa Uingereza. Adapta ndogo inatosha, inunue kabla.

"Unaenda kwenye joto, sweta ya nini?"

Karibiani ni joto ndio, ila ndani ya meli kiyoyozi kinapigwa mpaka meno yanagongana, hasa ukumbi wa chakula na ule wa maonyesho, na juu dekini usiku meli ikiwa inatembea upepo haukauki. Kila mtu abebe kitu kimoja kizito. Na mimi nasema bila kusita, beba kanga. Mama alikuja na doti tatu nikamwambia ni nyingi, zote zilitumika. Moja mabegani ukumbini. Moja ya kujifunga juu ya nguo ya kuogelea kutoka bwawani kwenda kula, maana kwenye ukumbi wa chakula huruhusiwi kuingia na nguo mbichi ya kuogelea peke yake. Nyingine alikuwa anaswalia. Inakauka haraka, haina uzito, na taulo zito la nyumbani halina kazi kwa sababu taulo wanatoa wenyewe, za kebini na za bwawani.

Kuna matumizi mengine nayapenda sana. Kuta za kebini nyingi ni chuma, rangi tu imezificha, kwa hiyo sumaku inanasa. Tulikuwa na vindoano vinne vya sumaku, tukatundika kanga kati ya kitanda cha mama na cha watoto, mama akalala gizani huku watoto wanasoma na taa yao. Vindoano hivyo hivyo mchana vinabeba kofia, mifuko na zile nguo mbichi ambazo huruhusiwi kuziweka nje. Vitu vya dola chache ila kebini ya ndani ni kama mita za mraba 15 au 17 hivi, kila kitu kikiwa sakafuni mnaanza kugombana siku ya pili.

Na hapo ndo unajibiwa lile lingine, "meli haina kilo, jaza tu." Ni kweli meli haikubani kama ndege, lakini kama unapanda ndege kwenda bandarini kilo ziko palepale, na sanduku lazima litoshe chini ya kitanda la sivyo mtalala nalo. Watu wanne, masanduku manne makubwa, mlango haufunguki vizuri. Tulibeba mawili na tukatosha.

"Kila usiku ni suti na gauni refu"

Hapana. Safari ya siku tano kwa kawaida ina usiku mmoja wa kupendeza, ya siku saba miwili, na hata huo shati zuri na suruali ya kitambaa au dera la heshima linatosha kwenye meli nyingi. Kampuni ya Norwegian wao hawalazimishi kabisa. Kitenge kilichoshonwa vizuri kinakupeleka popote na utaulizwa na watu umenunua wapi.

"Chakula chetu tubebe, cha wazungu hakina ladha"

Mama aliamka alfajiri akapika chapati ishirini, akazifunga kwenye karatasi ya foili, akaweka na achari ya ndimu kwenye kopo. Pale kwenye ukaguzi zikatolewa zote. Chakula kilichopikwa nyumbani hakipandi melini kwa kampuni nyingi, kinachoruhusiwa ni kile cha pakiti kilichofungwa kiwandani, biskuti, karanga, na chakula cha watoto wachanga. Kijana wa ukaguzi alikuwa na adabu, alimwomba mama radhi. Tukala mbili mbili palepale tumesimama. Kwa hiyo hamu ya nyumbani ipeleke kwenye pilipili ya chupa ambayo haijafunguliwa, ulizia kwanza, na ukirudi usishuke na tunda lolote kutoka melini maana forodha ya Marekani hawataki matunda na wana mbwa wa kunusa.

"Kichefuchefu ukizidiwa ndo unameza dawa"

Ukishazidiwa umechelewa. Waliovuka mkondo wa Nungwi kwenda Pemba wakati wa kusi wanajua nnachosema. Meli kubwa ina mabawa chini ya maji yanayopunguza kuyumba, sio kama boti, ila bahari ikichafuka utaisikia tu. Vidonge vinamezwa mapema kabla ya kuyumba, na ile plasta ya nyuma ya sikio inabandikwa saa kadhaa kabla, tena hapa Marekani mpaka daktari akuandikie na mwenye presha ya macho asiitumie bila kumwambia daktari. Zote hizo ziwe kwenye lile begi dogo.

Na sanitaiza. Watu wanabeba chupa sita wanaona wamejikinga. Kile kirusi cha kuharisha na kutapika kinachosumbua meli, norovirus, sanitaiza ya spiriti haikimalizi vizuri, kinachofanya kazi ni sabuni na maji ya kutiririka, kabla ya kula na ukitoka chooni. Beba chupa moja, ila kunawa kupo palepale.

"Paspoti haitakiwi"

Anayekwambia hivyo pengine ni raia wa Marekani. Kwa safari inayoanza na kuishia bandari ileile ya Marekani, raia wao anaweza kupanda na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho chenye picha. Wewe mwenye paspoti ya Tanzania, Kenya, Kongo, hiyo haikuhusu, beba paspoti pamoja na green card au visa yako na uangalie masharti ya kila nchi mtakayotia nanga. Na walioko nje ya Ulaya wanaotaka kruzi ya Mediterania, tafadhali sana, angalieni visa ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya kwa pamoja, ni ya kuingia mara ngapi! Meli ikitoka Barcelona ikapita Uturuki au Tunisia alafu ikarudi Italia, umetoka Schengen na unaingia tena, na ya kuingia mara moja inakuwa imeisha. Huko Roma pia kanga itakufaa, kanisa la Mtakatifu Petro mabega na magoti lazima yafunikwe.

Kitu kingine kidogo ila kina kesi: nguo za mabaka ya jeshi acha nyumbani, hata za mtoto. Jamaika, Barbados, Trinidad na Tobago na visiwa vingine kadhaa raia kuvaa hizo ni kosa la jinai.

"Siku ya mwisho unafunga asubuhi"

Begi kubwa linakutoka mkononi kwa mara ya pili. Usiku wa mwisho unatakiwa uliweke nje ya mlango, kwa kawaida kabla ya saa nne au saa tano, wanalizoa, na unalikuta asubuhi ukumbini chini baada ya kushuka. Wako watu wanaofunga kila kitu, wanalala, wakiamka wana nguo ya kulalia na ndala tu na meli nzima inashuka. Ukiwa na nguvu unaweza kuchagua kujibebea mabegi yako yote mwenyewe, lakini na mzee na watoto usijaribu.

Usiku ule nilipoanza kufunga, mama alikuwa ameshamaliza ya kwake. Kwenye kiti pembeni ya kitanda alikuwa ameweka dera la asubuhi, mtandio, viatu chini yake, na juu ya vyote kopo la dawa za presha na glasi ya maji imefunikwa na kisosi.