Je, wajua kwa nini mwenye karata bora anaweza kukosea akiweka dau kwenye karata ya saba?

Fikiria meza ya poka huko Atlantic City, Marekani, katika miaka ya 1990. Kasino za mji ule ziliruhusiwa kuchezesha poka mwaka 1993, na mchezo uliojaza meza zake ulikuwa stadi ya karata saba. (Jina hilo limeangukia pazuri kwenye Kiswahili, ingawa kwa Wamarekani wenyewe halihusiani na ustadi wowote.) Mmebaki wawili. Mgawaji amekutelezeshea karata ya mwisho, imelala kifudifudi. Unainua ncha yake kwa kidole gumba: tatu ya shupaza. Haikusaidii kitu. Bado una ree mbili na tisa mbili, na kwa makadirio yako, mara nane katika kumi karata zako zinamshinda mwenzako.

Mwenzako ana zamu ya kwanza, naye anagonga meza kwa vidole: hajaweka kitu, anakupisha. Je, uweke dola 20, au nawe ugonge meza mfunue karata?

Wengi watajibu bila kupepesa: anayeongoza aweke. Inasikika kama akili ya kawaida, lakini kwenye karata ya saba jibu hilo linaweza kukutoa dola mfukoni, usiku baada ya usiku, huku ukiendelea kushinda michezo mingi kuliko unayoshindwa.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa kifupi. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri na moja ya wazi. Kisha zinakuja tatu za wazi, moja baada ya nyingine, na ya saba inarudi kuwa ya siri. Katika hizo saba unachagua tano zilizo bora. Dau lina kiwango kilichopangwa: kwenye meza ya 10 na 20, raundi mbili za mwanzo ni dola 10, tatu za mwisho ni dola 20, kwa hiyo huwezi kusukuma fedha zako zote katikati kumpiga mtu mkwara. Wachezaji wanane wakig'ang'ania wote hadi mwisho, zinahitajika karata 56 na pakiti ina 52. Ikitokea hivyo, karata moja hufunuliwa katikati iwe ya wote. Ni nadra, maana wengi hutupa karata zao mapema.

Tazama sasa kilichoko mbele ya mwenzako: mfalme wa kopa, saba ya kopa, nne ya kopa, nne ya pau. (Kopa, shupaza, uru na pau tulizipata kwa Wareno, pamoja na turufu. Kila tunapopanga karata mkononi tunataja maneno yao bila kujua.) Jozi yake ya nne iko wazi, na ndiyo iliyompa zamu ya kwanza, kwa kuwa katika stadi, kuanzia karata ya nne, anayeanza ni mwenye karata za wazi zilizo nzito kuliko za wengine. Kopa zake tatu zinakutisha. Akiwa na mbili nyingine zimejificha, ana karata tano za aina moja, na jozi zako mbili hazifui dafu.

Hapa ndipo kumbukumbu inapolipa. Waliotupa karata walikuwa sita, na kila mmoja alikuwa ameonyesha karata moja. Tuseme mwenzako alikuwa na kopa moja tu kwenye siri zake mbili za mwanzo, kwa hiyo alihitaji kopa nyingine moja kwenye karata ya saba. Ukiondoa saba zako, nne zake za wazi, sita za waliojitoa na hizo mbili za siri, zimebaki karata 33 ambazo mojawapo ingeweza kumwangukia. Wewe mwenyewe umeshika tisa ya kopa. Kama hakuna kopa iliyotupwa, zimebaki nane: nafasi yake ni kama asilimia 24. Kama uliona kopa tatu zikitupwa, zimebaki tano: asilimia 15. Aliyekuwa akizungumza na mhudumu wakati karata zile zikirudishwa kwa mgawaji hawezi kuijua tofauti hiyo.

Lakini hata ukijua nafasi yake kwa usahihi, bado hujajibu swali. Tuchukue mara 100 za hali hii, kwa tarakimu za mfano. Mara 20 mwenzako amekushinda: amepata kopa zake, au nne ya tatu. Mara 15 ana wafalme wawili na nne mbili, jozi mbili zilizo dhaifu kuliko zako. Mara 65 zilizobaki kopa hazikuja, na ana nne mbili tu.

Ukiweka dola 20, zile mara 65 anatupa karata zake. Hujapata senti zaidi, kwa sababu kitita cha katikati kilikuwa chako hata kama mngefunua karata bure. Mara 15 mwenye wafalme na nne anakulipa: dola 300 zinaingia. Mara 20 aliyekushinda anapandisha dau, wewe unanawa mikono, na dola 400 zimekwenda. Jumla umepoteza 100. Ulikuwa unaongoza mara 80 katika 100, na dau lako limekula hasara!

Kosa liko kwenye kipimo. Tunajiuliza, je, naongoza? Swali la karata ya mwisho ni jingine: atakayenilipa ni nani? Ni kama mwenye duka anayehesabu watu wanaopita barabarani na kuwaita wateja. Wale 65 ni wapita njia. Waliofungua pochi ni 35, na kati yao 20 wamekuja kukuchukulia. Kwa mwenye zamu ya mwisho, dau la faida linataka zaidi ya nusu ya wanaolipa wawe chini yako. Na kama wewe ni mtu asiyeweza kutupa karata akipandishiwa, kiwango kinapanda zaidi: kila aliyekushinda anakutoa dola 40 badala ya 20, kwa hiyo unahitaji wanyonge wawili kwa kila mbabe mmoja.

Badilisha kidogo tu, na hesabu inageuka. Tuseme mwenzako ni mtu mdadisi, na hata nne zake mbili hazitupi kwa urahisi. Si mjinga. Kitita kikiwa na dola 180, ukaongeza 20, yeye analipa 20 kugombea 200. Akiwa sahihi mara moja tu katika kumi na moja, fedha yake imerudi. Dau dogo mbele ya kitita kikubwa huwafanya watu walipe ili waone, na hiyo ndiyo sababu stadi ya viwango ina madau mengi ya faida kuliko waoga wanavyodhani. Katika zile mara 65, akilipa mara 20 tu, unapata dola 400 za ziada, na hasara ya 100 imekuwa faida ya 300. Karata ni zilezile. Aliyebadilika ni mlipaji.

Naye anakutazama kama unavyomtazama. Kama ree zako zote mbili ziko wazi mezani, mwenye jozi ya nne hana sababu ya kulipa, maana anaona kwa macho kuwa ameshashindwa. Zikiwa moja juu na moja chini, atajipa moyo. Kwa maoni yangu hili ndilo wanaoanza huchelewa kulishika kuliko yote: karata za wazi zenye nguvu hufukuza wateja.

Sasa badilisha karata moja. Mahali pa nne ya pau mpe mwenzako ghulamu wa pau. Jozi yake ya wazi imetoweka, na ree yako ya wazi ndiyo karata kubwa mezani, kwa hiyo zamu ya kwanza imekuwa yako. Kwa kuwa karata ya saba haionekani, mpangilio wa karata ya sita haubadiliki: aliyeanza ndiye anayeanza tena. Kwa urahisi tuache tarakimu zilezile: 20 wamekushinda, 15 wako chini na watalipa, 65 hawana kitu.

Ukigonga meza, wale 20 wataweka dau wenyewe. Wewe, kwa ukubwa wa kitita, utalipa ili uone. Dola 400 zimekwenda. Wale 15, wakiiogopa ree yako, watagonga nao, na hupati kitu. Ukiweka dau wewe, wale 20 watapandisha na utatupa karata, 400 zilezile, lakini wale 15 watakulipa 300. Dau lililokuwa la hasara ulipokuwa wa mwisho sasa limekuokolea dola 300, kwa sababu hasara yake ungeilipa vyovyote vile. Ndiyo maana wa kwanza kuzungumza anaweza kuweka dau hata kama wanaolipa na kumshinda ni zaidi ya nusu.

Ila kuna wapiga mkwara. Mwenzako akiwa mtu ambaye kila ukigonga meza anavamia, na katika mara 65 za kukosa ataweka dau la uongo mara 20, basi kugonga na kumlipa kunakurudishia 400 zote. Kwa mtu wa namna hiyo, nyamaza umwachie kamba. Kwa mtu mkimya anayeweka dau akiwa nacho tu, weka wewe. Anayepandisha dau kwa uongo kwenye karata ya saba huvuruga hesabu zote mbili, kwa sababu unatupa karata zilizoshinda. Wako wachache, lakini ukimjua mmoja mezani, usimsahau.

Ukizifuata hesabu hizi hadi mwisho utakuta jambo la kushangaza: karata mbovu kabisa huwekewa dau mara nyingi kuliko za wastani. Uliyekosa kila kitu huwezi kushinda kwa kufunua, kwa hiyo mkwara ndiyo nafasi yako pekee. Mwenye tano za aina moja anaweka kwa sababu wanaomlipa wengi wako chini yake. Katikati yao yuko mwenye jozi moja ya ree. Akiweka dau, walio chini yake wanakimbia, walio juu wanalipa. Huyo, kama zamu ya mwisho ni yake na mwenzake amepisha, anagonga meza, anafunua ree zake, na mara nyingi anavuta kitita chote.