Hertha Ayrton na taa za manowari

Arki ya umeme, yaani umeme unaoruka hewani na kuwaka kati ya ncha mbili, ina tabia inayowachanganya karibu vijana wote ninaowafundisha umeme wa meli. Kwenye waya wa kawaida, ukitaka ampea zaidi unaongeza volti. Kwenye arki, ampea zikipanda, volti zinashuka. Ukiiunganisha bila kizuizi, itavuta umeme mpaka fyuzi ikatike. Choki ya taa ya tyubu nyumbani kwako ipo kwa sababu hiyohiyo.

Ninapofika hapo huwa nawatajia Hertha Ayrton, mhandisi wa Uingereza aliyeichunguza arki. Alizaliwa 1854 Portsea, jirani kabisa na gati za jeshi la majini la Uingereza huko Portsmouth, akaitwa Phoebe Sarah Marks; Hertha ni jina alilolichukua baadaye. Baba yake, Myahudi kutoka Poland, alikuwa fundi saa. Alifariki 1861 akaacha madeni, watoto saba, na mke mjamzito ambaye ilibidi ashone nguo ili wale. Binti alipofika miaka tisa alichukuliwa na dada wa mama yake, aliyekuwa na shule London, na huko ndiko alikofunzwa hesabu. Baadaye Barbara Bodichon, mtetezi wa haki za wanawake, alimsaidia kusoma Girton, chuo cha wanawake huko Cambridge. Mtihani alifanya 1880, ila Cambridge ya wakati ule haikutoa shahada kwa mwanamke. Akaichukua Chuo Kikuu cha London mwaka uliofuata.

Mwaka 1884 aliingia masomo ya jioni ya umeme ya Profesa William Ayrton. Mwaka 1885 wakaoana.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kurunzi za manowari, taa kubwa za kumulika mbali, zilitumia arki kati ya vijiti viwili vya kaboni, na mwanga mwingi ulitoka kwenye kishimo kinachowaka kwenye ncha ya kijiti chanya. Ukizidisha ampea, ghafla taa inaanza kutoa mlio wa “ssss”, volti zinaanguka, mwanga unachezacheza. Usiku, baharini, mwanga ukicheza, boti ya adui inayokuja kukurushia topido inakupotea. Hertha aliona kwamba mlio huanza pale kishimo kinapokua mpaka kufurika ncha na kupanda ubavuni, ambako hewa inakifikia na oksijeni inaunguza kaboni. Akaifungia arki mahali pasipo hewa, akaongeza ampea: volti hazikuanguka. Akapuliza oksijeni kwenye kishimo: zikaanguka. Mimi napenda sana jaribio la namna hii, unaondoa kitu kimoja kisha unakirudisha, na ubishi umekwisha.

Mwaka 1899 alisoma matokeo hayo mwenyewe mbele ya taasisi ya wahandisi wa umeme, akawa mwanamke wa kwanza kupokewa uanachama. Royal Society, jumuiya kuu ya wanasayansi Uingereza, ilikuwa ngumu zaidi. Mwaka 1901 makala yake ilisomwa na mwanamume, John Perry. Mwaka 1902 jina lake lilipopendekezwa, wanasheria walijibu kwamba mke wa mtu hastahili kuwa mwanachama. Mwaka 1906 jumuiya hiyohiyo ikamtunuku medali ya Hughes!

Wizara ya jeshi la majini nayo ilikuwa imempa William kazi ya kupanga vipimo vya kaboni za kurunzi. Afya ya mumewe ilikuwa inadhoofika, na alifariki 1908. Sehemu kubwa ya kazi ile ni ya Hertha. Vita vya 1914 vilipoanza alibuni pepeo la kusukuma gesi ya sumu nje ya mahandaki, na zaidi ya 100,000 yalipelekwa kwa askari.

Nyumba yao ilikuwa ya watu wasiokaa kimya. Matilda Chaplin, mke wa kwanza wa William, alikuwa daktari, na binti yake Edith akawa mwandishi wa riwaya. Barbara, mtoto pekee wa Hertha, alipigania kura za wanawake kama mama yake. Hertha alifariki 1923. Mwaka 1945 Barbara aliingia bungeni kwa chama cha Labour, akiwakilisha Hendon North. Mwanawe, Michael Ayrton, mchoraji na mchongaji, alichagua kutumia jina la upande wa mama.