Kimataifa ni ya mataifa, ya kigeni tuiite ya kigeni

Juzi nilikaa kwenye kikao cha wazazi, ajenda ni kama shule ya umma iingize mtaala wa kimataifa au isiingize, na kwa saa nzima na zaidi watu wamebishana mpaka jasho linawatoka. Baba mmoja akasimama akasema mtoto wa maskini naye ana haki ya kusoma kimataifa, akapigiwa makofi. Mama mmoja wa nyuma akasimama akasema hatutaki watoto wetu wasomeshwe mambo ya kigeni kwa hela ya kodi, naye akapigiwa makofi. Mwishoni mwalimu wa kemia, kijana tu, akanyoosha mkono akauliza, "Samahani wazee wangu, ni mtaala gani hasa tunaouongelea?" Ukumbi kimya. Kumbe wako waliokuwa wanawaza IB, yaani International Baccalaureate, programu ya taasisi moja ya Uswisi, wako waliokuwa wanawaza Cambridge, mitihani ya chuo kikuu cha Cambridge cha Uingereza, na wako waliodhani maana yake ni masomo yote kufundishwa kwa Kiingereza, basi. Na sio kikao hicho tu, nalisikia neno hili, kimataifa, likitumika hivyo hivyo karibu kila mjadala wa shule za umma ukianza, kwa hiyo leo acha niliseme.

Maana yenyewe ni fupi. Programu ya kimataifa ni mpango wa masomo, mara nyingi pamoja na mitihani na cheti, uliotungwa utumike nchi zaidi ya moja na cheti chake kikubalike nje ya nchi aliyosomea mtoto. Ndo hiyo. Tatizo sio maana, tatizo ni lile neno kimataifa na jinsi tunavyolibebesha mizigo isiyo yake.

Tuliangalie neno lenyewe. Taifa tumelichukua kwenye Kiarabu, huko maana yake ni kundi la watu, na mzizi wake ndo huo huo uliotupa tawafu, ile ya mahujaji kuizunguka Kaaba, mimi nikilisikia naona watu wamekizunguka kitu chao pamoja. Halafu Kiswahili kikafanya kazi yake, kikaweka wingi, mataifa, kikaweka ki mbele, ile ki ya namna kama kwenye kitoto, kizee, kifalme. Tukapata kimataifa. Sasa liweke pembeni ya kitaifa ulitazame. Tofauti ni silabi moja tu, ma, na silabi hiyo ni ya wingi. Kitaifa ni ya taifa moja, kimataifa ni ya mataifa. Kwa hiyo mtu akichukua mtaala wa nchi moja, uliotungwa na wizara ya nchi hiyo kwa ajili ya watoto wa nchi hiyo, akaupandisha ndege akaushusha nchi nyingine, mtaala huo haujaota hiyo ma njiani. Bado ni wa kitaifa, ila ni wa taifa la wenzetu. Na neno la kitu cha namna hiyo tunalo siku zote, wala halina tusi ndani yake: ni wa kigeni.

Hata Kiingereza chenyewe, ambako neno letu limefuata nyayo, "international" sio neno la zamani sana. Alilitunga Jeremy Bentham, mwanafalsafa wa sheria wa Uingereza, miaka ya 1780, na alikuwa na sababu yake, alitaka kuitenga sheria inayofanya kazi ndani ya nchi na sheria inayofanya kazi kati ya nchi na nchi. Kati. Hapo ndo moyo wa neno ulipo. Hakuwa anasema ya ng'ambo, hakuwa anasema ya hali ya juu, alikuwa anasema kitu kilicho katikati, kinachoshikwa na pande zaidi ya moja.

Ukipima kwa kipimo hicho utashangaa nani anashinda. Baraza la Mitihani la Afrika Magharibi, WAEC, limeanzishwa 1952, lina Ghana, Nigeria, Sierra Leone na Gambia, Liberia ikaingia 1974. Nchi tano, baraza moja, na wanaokaa kwenye mitihani yake ni watoto wa shule za umma za kawaida kabisa. Karibiani nao wana baraza lao, CXC, tangu 1972, visiwa na nchi ndogo ndogo zikaona badala ya kila mmoja kuagiza mitihani Uingereza tutunge yetu kwa pamoja. Ulaya kuna Shule za Ulaya, ya kwanza ilifunguliwa Luxembourg 1953, zinaendeshwa kwa mkataba wa serikali na serikali na zina cheti chao wenyewe cha kumaliza sekondari. Na Kenya, Uganda na Tanzania waliwahi kuwa na baraza moja la mitihani la Afrika Mashariki, lilianza 1967, Tanzania ikajitoa 1971. Hivyo vyote ni vya kimataifa kwa maana iliyonyooka ya neno, vinamilikiwa na mataifa, vinaamuliwa na mataifa yakiwa yamekaa meza moja. Lakini nani amewahi kumsikia mtu akisema nampeleka mwanangu mtaala wa kimataifa halafu akawa anamaanisha WAEC? Hakuna. Hapo ndo panaponiuma, kwa sababu inaonyesha neno tumelihamisha kutoka kwenye swali la nani anakishika kitu tukalipeleka kwenye ada na lafudhi.

Sasa IB, maana ndo inayotajwa sana. Ilizaliwa Geneva, Uswisi. Pale kulikuwa na shule iliyoanzishwa 1924 kwa ajili ya watoto wa watumishi wa Ligi ya Mataifa, ile iliyotangulia Umoja wa Mataifa, na wa Shirika la Kazi Duniani. Shida yao ilikuwa ya kawaida tu, darasa moja lina watoto wa nchi kumi, kila mmoja anataka kurudi kwao kusoma chuo, na kila nchi ina mtihani wake wa kuingilia chuo, kwa hiyo walimu walikuwa wanaligawa darasa vipande vipande kila mwaka wa mwisho. Mwaka 1968 ikasajiliwa IB yenyewe, na jina wakalichukua kwa Wafaransa, bakalaurea, mtihani wa mwisho wa sekondari ambao Napoleon aliuweka 1808. Neno hilo nalo lina visa, Kilatini cha zamani za kati lilikuwa baccalarius, mtu wa daraja la chini, mwanagenzi, baadae wasomi wakalipinda lifanane na maneno ya tunda la mlori, ule mti wa mataji ya washindi, na hivyo ndo cheti cha wanafunzi kikavikwa taji ambalo hakikuzaliwa nalo. Nalitaja kwa sababu wapo wanaodhani IB ni digirii, kwa vile digirii ya kwanza nayo imetoka kwenye neno hilo hilo. Sio digirii. Ni cheti cha kumaliza sekondari.

Na IB sio chombo cha Umoja wa Mataifa. Hili nalirudia kila mara, na naelewa kwa nini sisi wa Kiswahili tunateleza zaidi, maana kimataifa na Umoja wa Mataifa yanagongana masikioni, ukisema programu ya kimataifa mtu anasikia kama kuna mkono wa New York. Hamna. Ni taasisi binafsi isiyo ya faida, makao yake Uswisi, haina serikali inayoimiliki, moja wala tano. Kwa hiyo kwa kipimo cha Bentham IB haiko kati ya mataifa kama WAEC, iko nje ya mataifa yote, na hiyo ni hali ya tatu ambayo wala kigeni wala kimataifa hayaielezi vizuri. Mimi ningesema isiyo na taifa. Cambridge ni kitu kingine tena, ni idara ya chuo kikuu kimoja cha nchi moja, kazi ya mitihani wameianza 1858, na IGCSE yao, cheti cha sekondari, ilianza 1988 ikiwa imetengenezwa kwa ajili ya shule za nje. Imetungwa Uingereza kwa matumizi ya nje, sio ile ile wanayosoma watoto wote wa Uingereza, lakini mwenye nayo ni mmoja na anajulikana anapokaa.

Kuna mkanganyiko wa pili, mdogo, nao ni mtaala na mtihani. Mtaala ni nini kifundishwe na kwa mpangilio gani, mtihani ni namna ya kupima. Programu za IB za watoto wadogo, ya praimari iliyoanza 1997 na ya miaka ya kati iliyoanza 1994, ni kiunzi tu, zinakwambia namna ya kufundisha na kuuliza maswali, ila cha kufundisha kwa sehemu kubwa unaweka wewe, hata ule wa wizara yako unaingia humo. Diploma ya miaka miwili ya mwisho ndo yenye silabasi hasa, masomo sita, kila moja linapewa alama 1 mpaka 7, ukijumlisha na 3 za nyongeza jumla ni 45, na kuna esei ya maneno 4,000 ambayo mwanafunzi anaichimba mwenyewe. Hata humo nafasi ipo, historia ya levo ya juu ina mtihani wa kanda na Afrika pamoja na Mashariki ya Kati ni kanda mojawapo, na Kiswahili kimo kama lugha ya fasihi. Kwa hiyo ile kauli kwamba watoto lazima watasomeshwa historia ya wengine sio kweli, inategemea shule imechagua nini, na anayechagua ni mtu mnayeweza kumfuata mkamuuliza.

Kitu cha nje kinachoingia kweli darasani ni kipimo. Chukua ripoti ya maabara ya kemia kwenye diploma ya IB. Mwanafunzi amefanya jaribio lake, ameandika, mwalimu amesahihisha kwa jedwali la vigezo, amempa 20 kati ya 24. Halafu sampuli ya kazi za darasa inatumwa nje, kwa msahihishaji ambaye hajawahi kumuona mtoto wala mwalimu, yupo nchi nyingine kabisa. Akiona mwalimu amekuwa mkarimu kuliko vigezo, hateremshi karatasi alizozisoma tu, alama za darasa zima zinashuka kwa mkupuo. Mtoto ambaye karatasi yake haikutumwa naye anashuka. Wako walimu wanaolisifia hilo kwamba linaua upendeleo, wako wanaolia nalo, na mimi nadhani huu ndo mjadala unaostahili saa nzima ya kikao, je tunakubali mtu wa mbali awe na neno la mwisho juu ya kazi ya mwalimu wetu. Huo una nyama. Ule wa hiki ni cha kizungu au sio cha kizungu hauna.

Maana wenzetu wameshapita njia hii. Marekani ndo yenye shule nyingi za IB kuliko nchi yoyote na nyingi kati ya hizo ni za umma, na bado walishagombana, Upper St. Clair kule Pennsylvania mwaka 2006 bodi ya shule ilipiga kura kuiondoa, sababu zilizotajwa ni gharama na kwamba haiendani na Umarekani, wazazi wakaenda mahakamani na programu ikarudi. Yaani hata kwao, wanaozungumza hicho Kiingereza, kuna walioiona ngeni. Japani serikali ilijiwekea lengo 2013 la kufikisha shule 200, na wakakubaliana na IB baadhi ya masomo ya diploma yafundishwe kwa Kijapani. Ekwado wameipeleka kwenye shule za umma, kwa Kihispania. Kwa hiyo anayesema kimataifa maana yake Kiingereza, wanafunzi wa Ekwado wanamkatalia kila siku asubuhi.

Basi yule baba wa kikaoni, baba yangu, haki ya mtoto wa maskini nakubaliana nawe mia kwa mia, ila ukisimama tena taja jina, sema nataka IB au nataka Cambridge, ili tujue tunahesabu ada ipi na mafunzo ya walimu yapi. Na mama wa nyuma, mama yangu, ukisema ya kigeni kuhusu mtaala wa nchi moja upo sahihi kabisa na hakuna wa kukunyamazisha, lakini kwa IB neno hilo halikai, pale swali lako liwe tukiwa na malalamiko tunampelekea nani. Mwalimu wa kemia yeye alishauliza la kwake, na ningependa kikao kijacho aanze yeye, kabla mtu yeyote hajapewa kipaza sauti.