Kazi ya kukaa siyo lazima iwe nyepesi

Mtu akistaafu huku mgongo au magoti yanamsumbua, utasikia anaambiwa tafuta kazi ya kukaa tu, basi. Hapana jamani. Ukikaa masaa manne mfululizo misuli inakaza, na goti lenye baridi yabisi linaganda mpaka ukiinuka unatembea kama mbao. Kinachosaidia ni kazi inayokuruhusu kubadilisha mkao, ukae kidogo usimame kidogo, mfano kupokea wageni au kufundisha tuisheni. Kwa hiyo kwenye intavyuu usiishie kuulizia kiti, uliza kama utaweza kuinuka ukitaka, utabeba kilo ngapi, na zamu zikoje, maana zamu mbili fupi mara nyingi zinavumilika kuliko moja ndefu (hata vijana wanachoka bana).