Abrahamu kuvunja sanamu za babake? Haipo kwenye Mwanzo
Kuna watu wanabisha kabisa kwamba ile stori ya Abrahamu kuvunja sanamu za babake Tera iko kwenye kitabu cha Mwanzo cha Biblia. Haipo, fungua sura ya 11 na 12 uone. Waislamu tukio la kuvunja sanamu wanalo kwenye Kurani, ila kwa Wayahudi liko kwenye midrashi, yaani mafafanuzi ya marabi (walimu wa dini yao), hasa Bereshit Rabbah ya kama karne ya 5: Tera anauza sanamu, siku moja anamwachia dogo Abrahamu duka, dogo anazitwanga zote anabakiza ile kubwa na kuishikisha fimbo, mzee akirudi anaambiwa zimegombania unga ulioletwa na mama mmoja. Tera anawaka, unanichezea, kwani hizi zinajua kitu? Hapo kajifunga mwenyewe!

Na msiseme marabi walikuwa wanatunga uongo tu. Mwanzo haisemi kwa nini Mungu alimchagua Abrahamu, halafu inataja Harani nduguye kafia mji wa Uru bila kueleza vipi, na hilo neno Uru kwa Kiebrania linaweza kusomeka moto. Kitabu cha Yubile, andiko la Kiyahudi la karne ya 2 kabla ya Kristo, kilishajaza hilo pengo: Abrahamu anachoma nyumba ya sanamu usiku, Harani anakimbilia kuziokoa, anaungua humo.