Robo haiendi kwa zamu

"Daktari, si mlisema watakaougua ni robo? Huyu mmoja ameshaichukua, watatu wanaofuata watakuwa wazima."

Wiki hii nimeyasikia tena maneno hayo, safari hii kutoka kwa baba wa Sengerema aliyekuja kliniki na mtoto wa pili mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Kinachoniumiza ni kwamba hakuyatunga. Aliambiwa hivyo na mhudumu wa afya, akapanga uzazi wake kwa maneno hayo.

Robo haiendi kwa zamu. Baba akiwa AS na mama AS, yaani kila mmoja ni mbebaji mwenye jeni moja ya kawaida (A) na moja ya selimundu (S), kila mimba inaanza upya. Baba anatoa A au S, mama naye anatoa A au S, kama watu wawili wanaorusha shilingi, kila mmoja ya kwake. Mtoto wa kwanza hamwachii wa pili deni wala akiba. Wa tano ana robo ileile aliyokuwa nayo wa kwanza.

Tatizo ni ule mchoro wa miraba minne tunaowachorea watu: mmoja SS, ndiye mgonjwa, wawili AS, mmoja AA. Mtu anautazama na kuona watoto wake wanne wamepangwa mstari. Basi tupige hesabu. Chukua familia 100 za AS na AS, kila moja ina watoto wanne. Takriban 32 hazitapata mgonjwa hata mmoja. Kama 42 zitapata mmoja. Zinazobaki, kama 26, zitapata wawili au zaidi, na zimo zenye wagonjwa watatu. Familia iliyotoka sawasawa na mchoro? Kama 19 tu. Yaani mchoro tunaoutundika ukutani hauzielezi familia nyingi zinazokaa kwenye benchi chini yake.

Kuna kosa jingine hapohapo. Kaka mzima wa mgonjwa akiniuliza uwezekano wake wa kuwa mbebaji, wengi humjibu nusu. Si nusu. Tukishajua si SS, zimebaki njia tatu, na mbili kati ya hizo ni AS. Ni theluthi mbili. Kwa kijana anayekaribia kuoa hiyo ni tofauti kubwa, apimwe, na mchumba wake apimwe.

Zile familia 32 ndizo zinazozaa kauli ya "kwenye ukoo wetu huu ugonjwa haupo". Ugonjwa haupo, S ipo. Inaweza kutembea toka kwa babu hadi kwa mjukuu bila mtu kulazwa, mpaka ikutane na S nyingine. Na huku kwetu kukutana ni rahisi. Mwaka 1949 mtafiti Anthony Allison alipima watu Kenya akakuta wabebaji ni wengi Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na wachache nyanda za juu. Mwaka 1954 akachapisha sababu yake: AS anakingwa dhidi ya malaria kali. Malaria imeilea S kwenye mwambao huu kwa vizazi na vizazi. Kwa hiyo kijana wa Magu na binti wa Ukerewe hawahitaji kuwa na undugu wowote ili wote wawili wawe AS.

Magonjwa ya jeni tawala, ile ambayo moja tu inatosha kuleta ugonjwa, nayapitia haraka, maana hayajazi kliniki yangu. Mzazi mmoja mwenye jeni hiyo anatosha, na kila mimba ina nusu. Ila msidhani lazima mzazi awe mgonjwa. Wengi wa watu wenye akondroplasia, ule ufupi wa mikono na miguu, wazazi wao ni wa kimo cha kawaida, badiliko la jeni limeanzia kwao wenyewe. Wala "tawala" si "iliyoenea". S ni jeni fiche, yaani haileti ugonjwa mpaka ziwe mbili, na Kanda ya Ziwa imeenea kuliko jeni tawala nyingi za magonjwa.

Hata hilo neno "fiche" lina mipaka yake, na hapa ndipo ninapogombana na wanafunzi wangu. Ufiche haukugandishwa kwenye jeni, unategemea unatazama nini. Ukitazama ugonjwa, S ni fiche. Ukitazama himoglobini yenyewe, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, kwenye elektroforesisi, kipimo kinachotenganisha aina zake, AS ana zote mbili, hakuna iliyojificha. Ukitazama kinga ya malaria kali, S moja inatosha. Jeni moja, majibu matatu.

Kwa hiyo AS si "mgonjwa nusu", tafadhali tuache kabisa kusema hivyo. Lakini vitabu vinavyoandika kwamba AS hana dalili zozote navyo vinarahisisha mno. Wapo wanaokojoa damu, na wapo wanajeshi na wanariadha wenye AS waliofia mazoezini wakiwa wamepungukiwa maji. Ni nadra, na ni kweli. Bado sina uhakika nimwambie nini binti wa miaka kumi na minane mwenye AS, kwa sababu nikisema yote neno litatangulia ukweni kabla yake, nikinyamaza namnyima haki yake.

Na kuna lile la mama kulaumiwa. Selimundu ya SS inahitaji S ya baba na S ya mama, basi. Baba anayekuja na karatasi ya "sikling hasi", yaani kipimo rahisi cha kutafuta S hakikuiona kwake, kisha anataka kumrudisha mkewe kwao, namwomba akae. Kipimo cha sikling kikifanywa kwa dawa iliyoharibika hutoa hasi ya uongo. Tena, baba anaweza kuwa na jeni ya beta-thalasemia, kasoro nyingine ya himoglobini, badala ya S, sikling isionyeshe kitu, na mtoto akaugua selimundu vilevile. Warudie wote watatu kwa elektroforesisi. Mtoto aliyeongezewa damu karibuni asubiri kama miezi mitatu, maana tutakuwa tunasoma damu ya aliyemchangia.

Mara chache majibu yakirudiwa baba hubaki AA, na thalasemia hana, yaani huenda mtoto si wa damu yake. Hapo mimi huongea na mama kwanza, peke yake. Wapo wenzangu wanaoona namficha baba jambo linalomhusu, na hoja yao si ndogo. Mimi naanza na mama kwa sababu ndiye atakayelala nje usiku huo.